Kura ya Mkanda wa Feni

Mafundi wa Satwa, mtaa wa gereji katika nchi hii ya Waarabu, wana desturi moja: wakikubadilishia kitu kwenye gari, wanakukabidhi kile cha zamani ukione kwa macho yako, usije ukasema wamekudanganya. Basi wiki iliyopita fundi mmoja wa Kihindi, kijana mwenye adabu zake, alifunga boneti ya gari yangu, akanifuata kivulini nilipokaa akaniletea mkanda wa feni uliokwisha. "Khalas, madam," akasema, akauweka mapajani mwangu. Ulikuwa bado una moto. Harufu ile ya mpira uliochomwa na injini ikanipanda puani, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeurusha barabarani. Kijana wa watu akaduwaa. Nikamwomba radhi. Utamwelezaje mtu kwamba mkanda wa namna hiyo ndio uliokuwa serikali ya nyumba yenu?

Tuliishi Satwa hiyohiyo, nyuma ya mafundi cherehani, katika nyumba ya chini iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba vya watu wengi. Chetu kilikuwa cha pili kutoka jikoni. Baba alikuwa fundi wa magari, mtu wa Tanga, mwenye mikono ambayo haikutakata hata siku ya Idi. Hakupiga kwa fimbo. Alisema fimbo huvunjika ikakuaibisha. Alileta mkanda wa feni kutoka gereji, ule wenye mifereji, akautundika kwenye msumari kando ya mlango, chini ya kalenda ya nyakati za sala. Ukishuka mwilini unatoa mlio mfupi tu, halafu unaacha mistari iliyopangana vizuri, na kesho yake mistari imevimba, imekuwa ya zambarau. Mimi nilikuwa nayo nyuma ya mapaja. Mama alikuwa nayo mabegani, chini ya dera. Mdogo wangu Idrisa alikuwa nayo kila mahali.

Idrisa alikuwa na miaka saba hivi, mimi tisa au kumi. Siku aliyomwaga chai juu ya simu ya baba, kofi moja lilimpasua ngoma ya sikio la kushoto. Nakumbuka alivyozunguka mara moja palepale aliposimama, kama anayemtafuta aliyemwita, kisha damu ikamtoka sikioni ikateremka kwenye shingo yake nyembamba mpaka kwenye kola. Kliniki tulisema ameteleza bafuni. Daktari alimtazama mama kwa muda, akamwambia hilo la kushoto ndiyo basi tena, alinde la kulia kwa kila njia, maana pigo jingine la namna ile na mtoto atabaki kiziwi. Mama aliporudi akamweleza baba yote hayo, ameinamisha kichwa.

"Anasikia vizuri sana akiitwa kula," baba akajibu.

Tangu hapo ikawa ni balaa. Idrisa akiitwa kutoka upande ule haitiki. Asipoitika, ni kiburi, na dawa ya kiburi iko msumarini. Akipigwa analiziba sikio la kulia kwa viganja vyote viwili, mgongo na uso anauachia mkanda, na baba alichukia hilo kuliko yote. "Unaziba masikio ninaposema na wewe?" Halafu anampiga kwenye vidole mpaka aviachie. Mama atasimama mlangoni akisema "Baba Idrisa, inatosha, inatosha," kwa sauti ya mtu anayesoma kitu. Jirani yetu wa upande wa pili, Dada Njeri, mlinzi wa kike kutoka Nakuru, anaongeza sauti ya redio. Siku moja mama alimlaumu kwa hilo, naye akasema, "Mimi siwezi ingilia mambo ya nyumba ya mtu, mama. Nikijipata kwa polisi nipelekwe nyumbani, watoto wangu watalishwa na nani?" Na kweli, nani?

Mimi kwa akili zangu za kitoto nilikuwa na imani yangu kuhusu sikio lile. Niliamini halijafa. Limemnunia baba peke yake, kwa kuwa ni yeye aliyelipiga. Mtu mwingine akisema nalo kwa upole, litasikia.

Mwaka ule shule zetu zilikuwa hazijapatikana, kwa hiyo mama alinichukua kwenda naye kwenye kazi yake ya ndani, Jumeirah Village Circle, ambako siku hizo nusu nzima ilikuwa bado mchanga na winchi. Madam alikubali mtoto mmoja tu, basi Idrisa akawa anakwenda gereji na baba. Madam alikuwa Mmarekani, mwanamke mrefu asiyevaa viatu ndani. Watoto wake wawili hawakwenda shule. Aliwafundisha mwenyewe kwenye meza ya kulia, na mimi akanikalisha nao. Kwa hilo simsemi vibaya. Kiingereza kinachonilisha leo nilikiokota kwenye meza ile.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa jinsi nchi yao inavyojitawala. Kwenye friji alibandika mchoro wa jengo lenye mihimili mitatu: mmoja unatunga sheria, mmoja unaitekeleza, mmoja unahukumu. Alitueleza kwamba wazee wao walichoshwa na mfalme aliyekuwa yote matatu peke yake, anaamuru, anahukumu, anaadhibu, na walipomshinda wakaapa asitokee mwingine. "Mtu mmoja asishike vyote," alisema akigonga friji kwa kidole, "hata akiwa mtu mwema kiasi gani." Mfalme huyo nilimjua. Alikunywa chai ya maziwa kwetu kila asubuhi, na fimbo yake ya enzi ilining'inia msumarini.

Wala madam hakuishia kwenye mchoro. Nyumba yake yote iliendeshwa kwa kura. Nani anataka pizza? Inueni mikono. Nani anataka kwenda bwawani? Mikono. Alitufundisha na turufu, kwamba mkuu wa nchi anaweza kuikataa sheria, lakini wabunge wakirudi wengi, theluthi mbili, basi na yeye hana la kusema. Mkono wangu nao ulihesabiwa. Mara ya kwanza niliponyooshewa kidole, "na wewe, mmoja, wawili, watatu," nilirudi nyumbani nikiutazama mkono wenyewe kama mgeni. Mama alikuwa palepale kila siku akipiga pasi, na hakuna aliyemuuliza anataka kula nini. Hilo sikuliona. Mtoto anaona mkono wake tu.

Siku moja nikapata ujasiri nikauliza. Na kama mfalme yuko ndani ya nyumba?

Madam akainamia kitabu chake. Nilikuwa nimevaa gauni fupi la binti yake, na nilipoinama kuokota penseli alikuwa ameshayaona mapaja yangu. "Sheria hizi ni za kuizuia serikali, mpenzi," akasema polepole. "Nyumba ya mtu ni yake. Hata askari haingii bila hati ya hakimu. Ya ndani ni ya familia." Akafunga kitabu, akatugawia biskuti. Kesho yake akampa mama suruali ndefu mbili za binti yake, akasema ni za mimi kuvaa nikija pale.

Nimesoma mengi kuhusu Wamarekani tangu wakati ule, na bado likinijia lile la suruali damu inanichemka. Watu wamejenga ukuta wa ajabu kumlinda mtu asionewe na ikulu, halafu mtoto akiwaonyesha mistari ya zambarau wanampa kitambaa aifunike. Lakini niseme nini? Hata kwetu mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Tofauti ni kwamba sisi hatujabandika chochote kwenye friji.

Alhamisi moja mambo yakaharibika gereji. Gari lilikuwa juu ya jeki, Idrisa yuko karibu na gurudumu, jeki ikaanza kuteleza. Baba akapiga kelele, "Toka hapo!" Alikuwa upande wa kushoto. Idrisa hakugeuka hata kidogo. Gari likashuka likakita chini, likasaga sanduku la vifaa, yeye likamkosa kwa upana wa kiganja. Arbab, yaani bosi mwenye gereji, akatoka ofisini, akamwita baba punda mbele ya mafundi wote, kwamba hata mtoto wake mwenyewe hamtii. Baba alirudi nyumbani. Alioga, akasali, akala. Ndipo akamtazama Idrisa akasema taratibu, kama anayepanga ratiba ya kazi, "Kesho baada ya chakula nitakufungua masikio. Yote mawili."

Mama aliacha kutafuna. Mimi nikatazama sikio la kulia la mdogo wangu, dogo, lina nta kidogo, na nikaona litapotea kesho hiyo.

Ijumaa asubuhi, mama akiwa jikoni na baba bado kitandani nyuma ya pazia, nilijilaza na Idrisa kwenye godoro letu, mimi upande wa ukuta kama kawaida, nikamnong'oneza mpango wote. Nikamwambia mihimili mitatu. Nikamwambia turufu. Nikamwambia sisi ni wanne, na tukiwa watatu dhidi ya mmoja mfalme hana la kusema, hata kama ana mkanda. Nitauliza swali, wewe inua mkono, mama naye atainua, basi. Nilinong'ona kwa upole wote niliokuwa nao, karibu kabisa na sikio. Alitikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza kama ameelewa, akatikisa tena. Nilifurahi mno. Nikasema si nilijua, sikio lile linamsikia anayelipenda.

Baba na Idrisa walirudi kutoka msikitini, mama akapakua pilau. Sijui kama umewahi kula chakula huku unajua kinachofuata. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa kibovu, kinatetemeka na kunguruma mpaka vijiko vinacheza, na chini ya ngurumo ile tulikula sote wanne kwenye sinia moja, baba akimsogezea Idrisa minofu. Ndiyo, akimsogezea minofu. Mtu yuleyule. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba alikuwa anampenda.

Alipoosha mikono na kuutazama msumari, nikasimama.

"Baba," nikasema, "anayetunga sheria asiwe yeye anayehukumu, na anayehukumu asiwe yeye anayepiga. Tupige kura. Anayetaka mkanda utoke nyumba hii ainue mkono."

Nikainua wangu.

Kwanza baba alicheka. Alicheka kwa dhati, akajipiga goti. "Haya, mbunge. Hesabu kura zako." Idrisa alinitazama, akamtazama baba, akanitazama tena. Kisha akainua mkono wake. Tena hakuuinua hivi hivi: aliunyoosha juu kabisa, akasimama, akapanda na vidole vya miguu, akausukuma mbele ya wangu mpaka nusura anipige usoni. Moyo ulinijaa. Nilijiambia, tazama mtoto anavyoupenda uhuru.

Tukamgeukia mama. Mama alikuwa anakusanya punje za wali zilizodondoka kwenye mkeka, moja moja, kwa ncha ya kidole. Hakuinua mkono. Wala hakuinua macho.

"Wawili," baba akasema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Visa yako imeandikwa jina la nani? Ya huyu? Ya mama yako? Mimi ndiye kafili, mdhamini wenu wote. Nikienda kufuta karatasi Jumatatu, hamna hata pa kuweka kikombe katika nchi hii. Hapa hakuna mpiga kura, binti yangu. Kuna mimi." Akaushusha mkanda.

Mama akasimama, akachukua sinia, akatoka kwenda jikoni. Nilimchukia. Nalisema wazi, maana ndivyo ilivyokuwa: nilimchukia mama kwa pumzi zangu zote, zaidi ya baba.

Pigo la kwanza lilimpata Idrisa begani akaanguka kwa magoti. La pili lilikuwa langu, kwa kuwa nilijitupa katikati. Lilinipata kutoka shavuni hadi shingoni, na ladha ya mpira ikaniingia mdomoni pamoja na damu. Baba akanishika nywele akanitupa kwenye kabati. Akamkanyaga Idrisa mkono mmoja, akaubandua wa pili kutoka kwenye sikio. Aliuachia mkanda. Akakunja ngumi, akainua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu akilenga.

Sikumwona mama akiingia. Niliona mchi. Ule mchi mfupi wa chuma wa kutwangia vitunguu thomu, bado una maganda. Ulishuka kwenye kifundo cha mkono wa baba, na sauti iliyotoka nimekwisha kujaribu kuifananisha na mambo mengi, nikashindwa. Ilikuwa sauti ya mfupa. Baba hakulia. Aliketi chini taratibu, mkono umeelekea upande ambao mkono hauelekei, akamtazama mama kama mtu aliyeamshwa.

"Umenivunja, Mama Idrisa," akasema kwa mshangao.

"Mguse tena, nikuvunje na wa pili." Mama hakuushusha mchi. "Kisha nenda kafute hizo visa. Nitarudi Tanga na mtoto anayesikia."

Redio ya upande wa pili ilizimwa. Dada Njeri akaingia bila kubisha hodi, na sare yake ya ulinzi nusu amevaa, akatukusanya sisi watoto wawili akatusogeza nyuma yake. "Mzee, mimi nimeona kila kitu," akamwambia baba. "Kila kitu. Na nitasema." Hospitali baba alisema boneti ya gari imemwangukia. Ni familia yetu tu, tulikuwa na kawaida ya kuangukiwa na vitu.

Hakufuta visa. Alikaa na plasta kwa muda, mama akimlisha kwa kijiko bila kumsemesha, na mkono ulipopona ulipona kombo. Siku moja mkanda haukuwa tena msumarini, na hakuna aliyeuliza. Baadaye alipata kazi Ajman akahamia huko peke yake. Kila karatasi zetu zilipokaribia kwisha alizihuisha, akazituma kwa mtu, mpaka tukawa watu wazima. Kama ilikuwa toba au aibu, sijui, na siku hizi sijishughulishi.

Mama nilimnunia miaka mingi kwa ajili ya kura ile. Ilikuwa mpaka amerudi Tanga, tumekaa barazani tunachambua mchele, ndipo nikamuuliza kwa nini hakuinua mkono. Aliendelea kuchambua. "Hao Wamarekani wako," akasema, "hupiga kura kwenye kijisanduku, tena nyuma ya pazia, au sivyo?" Nikasema ndivyo. "Basi wanajua kwa nini. Wewe uliniita niinue mkono mtupu mbele ya mwenye mkanda na visa, halafu nikae nao hapo hewani. Mimi nikaenda kutafuta cha kushika." Madam alitufundisha kwa pizza, na kwa pizza hakuna anayeogopa.

Siku ile fundi aliponipa mkanda, nilitoka Satwa nikaenda moja kwa moja Al Jaddaf, kwa Idrisa. Siku hizi ni fundi wa viyoyozi, ana mke na binti mdogo, na ukimtembelea atakuhamisha kiti mpaka uwe kuliani kwake. Nikamsimulia niliyoyafanya gereji, akacheka. Nikaona basi na la kura tulikumbushane, maana hatujawahi kulizungumza. Nikamwambia alivyonitia moyo siku ile, alivyousukuma mkono wake juu, mtoto wa miaka saba, anadai haki zake.

Akaacha kucheka.

"Kura gani, dada?"

Nikamwambia ile niliyomnong'oneza asubuhi, godoroni. Mihimili mitatu.

"Ulilala upande wa ukuta," akasema. "Kushoto. Nilikuwa nahisi pumzi yako tu, inanitekenya. Nikitikisa kichwa ulikuwa unafurahi, basi nikatikisa."

"Na ule mkono?"

Binti yake alikuwa anamvuta shati upande ule asiosikia. Aliinama akampakata, akamhamishia kulia, kisha akanijibu kama jambo la kawaida tu.

"Kile kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, sikuambulia neno. Nilijua tu ni saa ya kupigwa. Nikaona umesimama, umeinua mkono, baba anacheka. Nilidhani ameuliza nani aanze. Ndiyo nikainua wangu juu zaidi, anione mimi."